Bustani ya likizo ya Juni na wajukuu: wapande mboga, waile, ndipo wapande treni

Mwezi wa tano ukielekea ukingoni, simu yangu haikai kimya. Ni mabibi na mababu wenzangu wa hapa Kigoma, kuanzia Ujiji, Mwanga, Gungu mpaka Kibirizi, na swali ni lile lile: "Shoga, wajukuu wanakuja, na safari hii sitaki washinde wamelalia simu. Ile bustani yako ulianzaje?" Nimejibu barazani, nimejibu msibani, nimejibu nikiwa kwenye foleni ya bomba. Sasa naandika, ili atakayeuliza tena nimwelekeze huku niendelee na kazi zangu.

Kwanza elewa hesabu. Likizo ya katikati ya mwaka ni kama mwezi mmoja. Toa siku za safari, toa na zile mbili za mwanzo ambazo watoto wa Dar wanalala kama waliotoka vitani. Unabaki na siku 25 hivi. Mwaka wangu wa kwanza sikupiga hesabu hiyo. Nikawapandisha nyanya na karoti, vitu vya kupendeza. Nyanya inataka miezi mitatu na zaidi tangu mbegu, karoti miezi mitatu hivi. Watoto wakamwagilia kila siku, wakaondoka wakiwa wameona majani tu. Mwezi wa tisa nikawatumia picha ya nyanya nyekundu, mkubwa wao akanijibu, "Bibi, umekula peke yako." Sikulala vizuri.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kinachopandwa na mjukuu kiliwe na mjukuu, hapa hapa, kabla ya treni.

Panda mboga yenye haraka

Mchicha ndio mfalme. Unaota kati ya siku ya 3 na ya 5, na ndani ya wiki 3 hadi 4 unang'oa. Mtoto asiye na subira (wote hawana) anahitaji kuona kijani kabla ya wiki kwisha, na mchicha haumwangushi.

Mboga ya kunde inaufuata kwa karibu. Kunde ni mbegu kubwa, kidole cha mtoto wa miaka minne kinaishika bila shida. Majani ya juu yanaanza kuchumwa wiki ya 3 au ya 4. Figiri na chainizi huchukua wiki 4 hadi 5, kwa hiyo zipandwe siku zile za mwanzo kabisa au ziachwe. Matembele hayana mbegu za kununua. Jirani anakukatia vipando bure, na wiki ya 4 au ya 5 unachuma vichwa.

Juu ya hayo, kila mtoto apande mche mmoja wa papai. Hapa navunja kanuni yangu mwenyewe, najua. Ila papai lililomwagiliwa vizuri linaweza kuwa na matunda Juni ijayo, na mtoto mwenye papai lake Kigoma hasahau kumsumbua baba yake kuhusu nauli.

Andaa kabla hawajafika

Wiki mbili kabla, tafuta hivi:

- Samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza, madebe mawili kwa kila tuta. Iliyooza haina joto wala harufu kali, ukiishika inavunjika kama udongo.
- Mbegu za mchicha, pakiti moja, na kunde za kupanda vikombe viwili.
- Jembe moja la mpini mfupi, reki, na kamba ya manila.
- Chupa za maji za lita moja na nusu, moja kwa kila mtoto. Toboa kizibo kwa msumari wa moto, matundu sita au saba. Hiyo ndiyo keni ya mtoto. Keni ya dukani ikijaa inawashinda, wanaimwaga yote mahali pamoja na kuchimba shimo.
- Majani makavu ya mchikichi na nyasi kavu.
- Majivu ya jikoni, debe moja.
- Viatu vya kufunika vidole, hata kama ni raba za zamani.
- Kigoda chako. Usicheke. Mgongo wangu ulinifundisha kwamba bibi anayeinama siku tatu mfululizo, siku ya nne analetewa uji kitandani na bustani inakufa. Keti, elekeza, waache wao wainame.

Jaribu mbegu mapema. Weka kunde kumi kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, weka ndani ya sahani. Baada ya siku nne hesabu zilizochipua. Nane au zaidi, panda. Chini ya tano, tafuta nyingine. Mwaka mmoja nilinunua mbegu za mchicha duka moja ambalo sitalitaja, na ikaota mistari miwili kati ya kumi. Mjukuu mdogo akaamini yeye ndiye mwenye mkono mbaya. Ilibidi nipande usiku kwa siri.

Mbegu zilizopakwa rangi ya pinki au kijani zina dawa. Hizo zisishikwe na watoto, na zisikae karibu na jiko.

Hatua kwa hatua

1. Siku ya kwanza usitoe jembe. Wazungushe tu uani, waonyeshe jua linapita wapi. Bustani inataka jua la asubuhi na iwe karibu na maji, mahali unapopaona ukiwa umekaa kivulini. Kila mtoto apewe tuta lake na kijiti chenye jina lake. Usiwape tuta moja la pamoja ukidhani unawafundisha umoja. Utashinda unaamua kesi.

2. Pima. Upana mita 1, urefu mita 2. Mita moja ina sababu: mtoto akichuchumaa upande huu anafika katikati, akienda upande wa pili anafika katikati, na hakuna anayekanyaga ndani. Wa chini ya miaka saba mpe nusu ya hapo. Waache wapime wenyewe kwa kamba, na mwenye tuta la kupinda asisahihishwe. Mchicha hauangalii.

3. Chimba tuta lishuke, lisiinuke. Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wakulima wazuri. Masika tunainua matuta ili maji yapite. Mvua za kwetu huisha mwezi wa tano na hazirudi mpaka wa kumi, na kiangazi hiki kina upepo unaokausha mpaka midomo. Ukiinua tuta mwezi wa sita, maji yanakimbia pembeni na unabaki na kilima kikavu. Chimba kina cha kiganja kimoja, udongo wa juu uweke kando, mgumu wa chini usogeze kando kando uwe ukingo. Lionekane kama sinia. Kazi hii ni ya wenye miaka kumi na kuendelea, asubuhi, na mmoja mmoja. Watoto wawili wenye majembe ubavu kwa ubavu ni safari ya zahanati.

4. Changanya samadi. Debe moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo madebe mawili kwa tuta. Rudisha na ule udongo wa juu, sawazisha kwa reki. Mbolea mbichi ya kuku usiitumie, inaunguza miche.

5. Lowanisha, ulale. Mwaga maji mengi jioni, panda asubuhi yake. Ukipanda kwenye udongo mkavu halafu ukamwaga maji, mbegu za mchicha zinaelea na kukusanyika kona moja kama abiria wanaogombea kivuli.

6. Panda. Mchicha: kijiko kimoja cha chai cha mbegu, changanya na kikombe cha mchanga mkavu. Huo mchanga ndio siri. Bila mchanga mtoto anamaliza pakiti nzima kwenye mstari wa kwanza. Chora mistari kwa kijiti, umbali wa kiganja, kina kisizidi nusu sentimita. Nyunyiza, funika kwa udongo laini mwembamba sana. Kosa la kila mwaka ni kufukia mchicha kama unafukia muhogo, hautoki.

   Kunde: loweka usiku mmoja, toboa matundu ya kina cha sentimita 3, umbali wa sentimita 15, mbegu mbili kila tundu. Mpe huyu mdogo kuliko wote. Wangu amerithi jina la babu yake, kwa hiyo tunamwita Mzee, na Mzee hutoboa matundu kwa kidole huku akihesabu kwa sauti na kuruka kumi na tatu kila mara.

   Matembele: vipando vya sentimita 25 hadi 30, fukia theluthi mbili kwa kulaza, macho yakitazama juu, umbali wa sentimita 30.

7. Funika. Tandika makuti ya mchikichi juu ya tuta. Tunayo bure, wenye bustani wa mikoa mingine wanayatamani. Yanatunza unyevu na kuwazuia kuku. Lakini kuanzia siku ya 3 chungulia kila asubuhi. Ukiona kijani, inua makuti jioni hiyo hiyo. Ukichelewa siku mbili, miche inarefuka, inapauka na kulala. Ikishatoka, tandaza nyasi kavu nyembamba katikati ya mistari.

8. Maji. Tuta moja linataka kama lita 10 kwa siku: nusu asubuhi kabla ya saa mbili, nusu jioni baada ya saa kumi na moja. Dumu moja la lita 20 linatosha matuta mawili. Maji ya kuoshea mchele na mboga yasimwagwe, yana kazi. Yenye sabuni nyingi yapelekwe kwenye mgomba.

   Kupima kama maji yanatosha, mtoto aingize kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo umeganda, pazuri. Kikitoka kikavu, ongeza. Kikitoka na tope, kesho asubuhi acha. Watoto wanapenda kumwagilia kuliko yote, na wanaua mimea kwa upendo huo. Kipimo cha kidole kinawapa sababu ya kuacha bila wewe kufoka.

9. Punguza miche siku ya 10. Acha nafasi ya vidole vitatu kati ya mche na mche. Jiandae, kuna atakayelia. Mwambie inayong'olewa haitupwi, inakwenda chunguni leo leo. Ndiyo mboga yao ya kwanza, fungu dogo la kujaza kiganja. Mimi huichanganya na mboga nyingine kwa siri ili ionekane imejaza sufuria.

10. Daftari. Kila baada ya siku tatu, mtoto achague mche mmoja, aupime kwa rula, aandike. Asiyejua kuandika achore. Usiifanye iwe darasa. Mwenye kuruka siku, aruke.

11. Vuna. Mchicha ukifika kimo cha kiganja na kipande, kata nusu ya tuta kwa kuacha vidole viwili vya shina uchipue tena, na nusu nyingine ng'oa na mizizi. Kunde chuma majani laini ya juu. Vuna asubuhi, osha kwa maji safi mara mbili, na mvunaji ndiye achague mapishi. Kwetu huwa ni mawese, kitunguu, dagaa wachache waliokaangwa kidogo, na ugali wa muhogo. Mtoto aliyekataa mchicha mwaka mzima Dar anakula huu mpaka anagombana na nduguye kuhusu ukoko. Sijui kama ni mawese au ni majivuno.

Kikibaki, wafunge mafungu wakawauzie majirani. Hesabu ya chenji wataijua kwa siku moja. Ila waambie mapema bei ni ile ile ya soko la Mwanga. Mwaka juzi wangu walimtoza jirani yangu mara mbili kwa kuwa "mchicha huu una jina la mtu".

Usicheze na haya

Maji ya ziwani yasichotwe na watoto kwa ajili ya bustani. Tanganyika ni zuri kulitazama, lakini pembezoni kwenye magugu kuna konokono wa kichocho, na sehemu nyingine mamba. Tumia bomba au kisima.

Pipa la maji lifunikwe kwa kifuniko kizito. Mtoto wa miaka mitatu anazama kwenye ndoo wakati wewe unaitikia hodi. Na maji yaliyotuama kwenye makopo yamwagwe kila jioni, la sivyo unafuga mbu.

Viatu wakati wa samadi na kuchimba. Msumari wa zamani kwenye samadi ndiyo njia ya pepopunda. Baada ya kazi mikono ioshwe kwa sabuni mpaka chini ya kucha, kwa sababu ya minyoo. Rundo la nyasi kavu ligongwe kwa fimbo ndefu kabla ya kuchukua, maana nyoka naye anapenda kivuli.

Dawa ya kunyunyizia ya dukani sitaki hata kuisikia kwenye bustani ya watoto. Mboga ya siku 25 haina muda wa kusubiri dawa iishe nguvu.

Saa za jua kali

Bustani ni saa moja asubuhi na nusu saa jioni, basi. Wenzangu wengine wanashinda nayo kutwa, halafu wanashangaa watoto wanajificha. Kuanzia saa nne ni kivulini: kuchana makuti na kutengeneza fagio la chelewa, kupepeta mchele, kulala. Siku mbili tatu watembeze. Waonyeshe ule mwembe wa kumbukumbu pale Ujiji, Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Wapeleke stesheni ya Kigoma, reli ilipofika mwaka 1914, na uwaambie habari za MV Liemba: meli ya Wajerumani waliyoizamisha wenyewe vita vya kwanza, ikaibuliwa baada ya miaka minane na kurudishwa kazini mwaka 1927. Wangu waliuliza kama mchicha nao ukizamishwa miaka minane unaweza kufufuka. Nikasema jaribuni kwenye kopo. Baada ya siku tano harufu ikawajibu.

Usiku ni vitendawili. Anza na vya shambani: "Kuku wangu katagia miibani." Nanasi hilo, lakini usiwape haraka. Wape mji ndipo wajue utamu wake.

Ikienda kombo

*Siku ya 7, hakuna kilichoota.* Fukua kidogo kwa kijiti. Mbegu ipo na imekauka: maji hayakutosha. Imeoza: maji yamezidi. Haipo kabisa: sisimizi wameibeba. Mwaga majivu kuzunguka ukingo, panda tena siku hiyo hiyo. Ukiwa bado kwenye wiki ya kwanza, mchicha utawahi angalau ile mboga ya kupunguza miche.

*Miche inaanguka ikiwa imenyauka shingoni.* Kinyausi hicho, ugonjwa wa ukungu wa miche. Imebanana na inalowa mno. Punguza miche, acha maji ya jioni, ondoa makuti.

*Majani yanageuka njano.* Mara nyingi njaa. Loweka samadi iliyooza kwenye ndoo siku tatu, chuja, changanya kikombe kimoja na vikombe viwili vya maji, mwaga chini kwenye mizizi. Usimwagie majani yatakayoliwa, na usifanye hivi karibu na kuvuna.

*Kunde zina vidukari weusi chini ya majani.* Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, nyunyiza jioni chini ya majani, rudia baada ya siku tatu. Mboga ioshwe vizuri kabla ya kupikwa. Majani yenye matundu machache yaache. Funza naye ana bibi yake.

*Mchicha unatoa maua ukiwa mfupi.* Ulipata kiu. Kata vichwa, ongeza maji, ule mapema.

*Kuku wameingia.* Usilaumu kuku, laumu uzio. Vijiti vya kimo cha goti havizuii kuku yeyote. Mimi nilifunga neti chakavu isiyotumika tena kulalia kuzunguka tuta na tangu hapo tumeelewana.

*Mtoto hataki.* Mwache. Mpe kazi ya kupiga picha au kulinda kuku, ama asiwe na kazi. Wangu mmoja wa miaka kumi na tatu alikaa na simu siku tisa. Ya kumi alimwona mdogo wake akila kunde zake mwenyewe, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mbegu zilizobaki. Nilipanda naye matembele.

Asubuhi ya kuondoka

Mwagilia sana jana yake. Asubuhi kata vipando vya matembele, vitano kwa kila mtoto, vyenye urefu wa kiganja na nusu. Toa majani makubwa, acha ya juu mawili. Vifunge kwa kitambaa chenye unyevu, kisha vizungushie kipande cha kanga kuukuu. Visikae ndani ya plastiki iliyofungwa, vitaoza kabla ya Dodoma. Kwenye treni siku mbili, wanyunyizie maji kidogo kila kituo kikubwa, na Tabora wana muda wa kutosha.

Wakifika Dar, ndoo yoyote iliyopasuka inatosha: toboa chini, jaza udongo, fukia theluthi mbili. Mbegu za kunde zilizobaki waweke mfukoni kwenye karatasi. Ila wewe uliyebaki usiache tuta likauke. Lile shina la vidole viwili linachipua, na Jumamosi watapiga simu kuuliza limefika wapi.